Mate ya Bibi Kristina

Mei 4

Upepo umeanza. Mtu wa mbali ukimwuliza majira ya Singida atakutajia masika na kiangazi, basi. Sisi tunaokaa kando ya ziwa tunajua kuna majira ya tatu, ya upepo, yanayokuja wakati alizeti zimeinamisha vichwa shambani. Asubuhi nimepita ufukweni mwa Singidani nikienda kazini. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji na ndege heroe wamesimama ndani yake, miguu haionekani, ule wekundu wao tu unaelea. Nikawatazama mpaka nikachelewa. Dokta Fredrick hakusema kitu. Kijana huyu anajua kunyamaza mpaka ukasikia.

Nimeamua kuandika kwa sababu mwaka jana sikuandika, na sasa nikijaribu kuukumbuka ule mlipuko wa kikohozi katika wodi yetu ya watoto napata vipande tu, kama ndoto za homa. Kina mama wanashuka kwenye bodaboda na watoto wanaokoroma vifua. Vitanda vimejaa hadi barazani. Mama mmoja, Witness, anatoka mlangoni amebeba kanga ya mtoto, ameikunja vizuri, na mtoto hayumo.

Mei 6

Witness amerudi. Amejifungua kabla ya siku zake, mtoto wa kiume, Nathan, mdogo kiasi kwamba kofia aliyofumiwa inamfunika mpaka kidevuni. Tumempa chumba cha mwisho, mbali na watoto wengine, amlaze kifuani ngozi kwa ngozi mpaka aongezeke uzito.

Safari hii amekuja na mama mkwe wake kutoka Ikungi, Bibi Kristina, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Nesi Aneth? Wewe ndiye uliyemshika Stanley wetu mwishoni?"

Nikasema ndiyo. Stanley alikuwa mtoto wa kwanza wa Witness. Alikufa mwaka jana katika ule mlipuko, mikononi mwangu. Nilidhani bibi atanilaumu. Badala yake akanishika mikono yote miwili, akaigeuza, akavitazama viganja kama mtu anayekagua mbegu.

"Mwaka jana nilikuwa napiga alizeti," akasema. "Nikasema nitakwenda kesho. Mtoto akaondoka hajatemewa mate."

Kwetu Wanyaturu mzee humbariki mtoto kwa mate. Si mate ya dharau. Ni unyevu mdogo tu, pumzi zaidi kuliko mate, kwenye paji la uso na kifuani, pamoja na maneno machache. Mimi mwenyewe nilitemewa na babu yangu, nakumbuka harufu ya tumbaku yake. Kwa Witness mambo yako wazi: mwaka jana baraka haikuwepo, mtoto akafa. Mwaka huu baraka imekuja pamoja naye kwenye basi.

"Huyu haendi popote, nesi," Witness akaniambia, mkono wake ukiwa juu ya ile kofia. "Huyu anabaki."

Nimehudumia watoto wengi, na kusema kweli mtu huzoea. Lakini huyu nataka aishi kuliko ninavyotaka kitu kingine chochote mwaka huu.

Mei 7

Upepo. Hakuna jipya. Nimeota heroe wamelazwa vitandani, kila mmoja na shuka lake.

Mei 10

Rebeka ana miezi kumi. Alitambaa hadi kwenye mafiga akavuta sufuria ya uji, mguu ukaungua mpaka gotini. Kidonda kinapona vizuri. Anapenda watu huyo! Ukipita tu anakunyooshea mikono, hata kama umebeba sindano ya kumchoma yeye mwenyewe.

Leo mama yake alikuwa amefunga mzigo. Jirani kampigia simu kwamba moto ule si wa bure, kuna mkono wa mtu, ampeleke kwa mganga. Nilibembeleza mpaka sauti ikakauka. Mwishowe nikamwita Bibi Kristina. Akaja, akamnyanyua Rebeka, akasema maneno yake kwa Kinyaturu, tfu, kidogo tu, kwenye paji. Rebeka akacheka. Mama yake akaufungua mzigo, akatandika kitanda upya.

Hapo nikapata wazo. Nikamwomba bibi awe anapita kila asubuhi baada ya sala, kitanda kwa kitanda. Akajifanya anafikiri, kumbe uso wote umeshajaa furaha. Nimejisifu na wazo langu njia nzima mpaka nyumbani.

Mei 12

Hakuna mama aliyetoroka tena. Dokta amenisifu mbele ya wenzangu. Nimechinja kuku.

Mei 16

Naipenda saa ile ya asubuhi. Jua linaingia kwa madirisha ya mashariki, vumbi linaelea ndani yake taratibu, na Bibi Kristina anatembea katikati ya vitanda akinong'ona. Watoto wanaolia wananyamaza kabla hajawafikia. Kina mama wanawainua, wanampa, naye anawapokea mmoja mmoja. Hata zile mashine zetu za oksijeni zinazobubujisha maji kwenye chupa zinaonekana kumsikiliza. Mwili wangu unakuwa mwepesi, nikiwa pale nasahau kwamba hii ni hospitali.

Akimaliza hunigeukia mimi.

"Na wewe nesi, lete hilo paji. Utazaa lini? Mpaka mbuzi waote meno ya juu?"

Wodi nzima ikacheka. Nikainama nikatemewa. Kisha akapiga chafya, akajifuta kwa ncha ya kitenge.

"Vumbi la alizeti," akasema. "Limenifuata toka shamba."

Mei 19

Rebeka ana mafua. Na yule wa kitanda cha jirani, aliyelazwa kwa kuhara, naye pia. Kina mama wanasema ni upepo. Wameziba dirisha kwa kanga.

Mei 22

Kikohozi kimeenea. Baada ya raundi Dokta Fredrick aliniita barazani.

"Nesi Aneth, mwaka jana mimi sikuwepo. Hebu nisimulie. Watoto wa mlipuko ule walilazwa na nini?"

"Kikohozi, dokta."

"Wote?"

"Wote walikuja nacho toka nyumbani. Masika ilikuwa ndefu, watu walijifungia ndani na moshi wa kuni."

"Na hawa wa sasa?"

Nikatazama ndani kupitia dirishani. Rebeka alikuja na mguu. Jirani yake na kuhara. Anayefuata na malaria. Yule wa pembeni alianguka kwenye mkokoteni wa ng'ombe akavunjika mkono. Nikarudia tena, kitanda kwa kitanda, nikitafuta mmoja tu aliyeingia anakohoa.

"Hakuna," nikasema.

"Mwaka jana kikohozi kililetwa wodini. Mwaka huu kinaanzia humu."

"Ni upepo huu, dokta."

"Upepo unapiga mji mzima. Mbona wanaougua ni waliolala kwetu?"

Nikamwambia nina dawa za kugawa. Nilikasirika, na sikujua nimemkasirikia nani. Jioni ametuma sampuli za puani Dodoma.

Mei 24

Majibu yamekuja. Kirusi ni kile kile cha mwaka jana. Kwa mtu mzima ni mafua ya kawaida, anajifuta pua maisha yanaendelea. Kwa mtoto mchanga kinaziba vijia vya mapafu.

Kwenye kikao dokta akauliza: ni nani anayewagusa watoto wote kila siku? Akajijibu mwenyewe, "Sisi." Akainua kipimo chake cha kusikilizia kifua akasema hiki hapa, na mikono yangu hii hapa. Tukaambiwa tunawe mikono kila kitanda. Bibi hakutajwa. Nadhani dokta ameshamzoea, kama sisi.

Mimi nilikuwa naisikia ile chafya. Nikanyamaza. Nilijiambia baraka haiwezi kubeba ugonjwa, Mungu hafanyi kazi namna hiyo. Mkaidi hafaidi mpaka siku ya idi, mama yangu angeniambia.

Mei 26

Rebeka amekufa leo mchana.

Asubuhi alikuwa bado ananyoosha mikono, ila mmoja tu, ule mwingine umechoka. Mbavu zilikuwa zinazama kila akivuta pumzi. Tulimwekea oksijeni, tukamnyonya makamasi, dokta akakaa naye bila kwenda kula. Mguu wake ulikuwa umeshaota ngozi mpya, nyororo, ya rangi ya waridi. Nilikuwa nautazama mguu ule kwa sababu sikuweza kuutazama uso. Mtoto aliletwa kwetu kwa ajili ya mguu, na mguu tumeuponya.

Mama yake hakupiga kelele. Aliniuliza swali moja: "Si alikuja mzima?"

Si alikuja mzima. Nimelisikia swali hilo kwenye maji ya bafu, kwenye bati linalogongwa na upepo, na sasa hivi ninapoandika. Mwaka jana tulilia kama watu waliovamiwa. Mwaka huu ni sisi tuliofungua mlango, na mimi ndiye niliyesema karibu. Nina uchungu ambao sijui niuweke wapi.

Mei 27

Nilimkuta Bibi Kristina nyuma ya wodi, kwenye jiko la ndugu wa wagonjwa, anakoroga uji wa Witness.

"Bibi, naomba kuanzia leo usipite tena kwa watoto."

Mwiko ukasimama. "Nani kasema? Yule kijana?"

"Mimi nimesema."

Nikamweleza. Kwamba mafua yake ni madogo kwake, si madogo kwa mtoto. Kwamba yanapita kwenye mate na kwenye mikono, na mikono yetu manesi pia imo. Nilizungumza Kiswahili cha semina, kirefu, chenye maneno mengi, kwa sababu niliogopa kufika mwisho.

Bibi akanisubiri nimalize.

"Mwanangu, unataka kuniambia nimemuua yule mtoto wa mguu?"

"Mimi ndiye niliyekuomba upite," nikasema. "Ningekuacha na Nathan wako tu."

Akasukuma kuni ndani ya moto. Aliponiangalia tena alikuwa amezeeka.

"Na Nathan je? Nimemtemea kila siku ya Mungu."

Uji ukaungua, na hakuna kati yetu aliyeuondoa jikoni.

Mei 28

Bibi Kristina ameondoka na basi la kwanza la Ikungi, bila kuaga. Ameacha mwiko wake.

Mei 30

Witness hakunisemesha kwa siku hizi zote. Leo nilipoingia kumpima Nathan akasema, bila kuniangalia:

"Mwaka jana bibi alichelewa, Stanley akafa. Mwaka huu amewahi, mmemfukuza. Nyinyi mnalinganisha milipuko yenu kwa vipimo vya Dodoma. Mimi nalinganisha kwa watoto wangu."

Nilimwambia nimemwelewa. Akasema sijamwelewa, kwa sababu sina mtoto. Maneno hayo yaliniuma sana, na alikuwa na haki ya kuyasema.

Juni 1

Nathan amepiga chafya. Inaweza kuwa vumbi.

Juni 2

Si vumbi.

Juni 4

Naandika kwa haraka, mwandiko huu mtu asinicheke.

Upepo wa leo ulikuwa wa kung'oa. Tangu asubuhi mabati yanalia, na nje hewa imekuwa ya njano kwa vumbi, ukitazama dirishani unaona kama mji umezama ndani ya maji ya matope na watu wanatembea chini yake polepole. Nathan alikuwa kwenye oksijeni kifuani kwa mama yake. Anavuta, anapumzika, anavuta. Nilikuwa nimejizoesha na mpangilio ule mpaka nami nikawa navuta pumzi kwa zamu yake.

Adhuhuri umeme ukakatika. Mashine ikanyamaza. Ile chupa inayobubujika siku zote ikatulia kama maji ya mtungi.

Dokta akakimbilia mtungi wa oksijeni wa akiba. Nathan akavuta, akapumzika. Akaendelea kupumzika.

"Nesi," Witness akasema. Hivyo tu.

Nikamchukua, nikamlaza mezani, nikamsugua mgongo, nikamgonga nyayo. Midomo ikawa na rangi ya wingu. Nikachukua kipumulio cha mkono, kile kipira chenye barakoa ndogo, nikamfunika pua na mdomo, nikaanza kuminya. Kifua kikainuka. Nikiacha, hakiinuki.

Witness alikuwa amepiga magoti, ameshika kitambaa cha gauni langu.

"Mtemee! Bibi hayupo, mtemee wewe! Asiende kama Stanley!"

Nilikuwa nimevaa barakoa. Mikono yote miwili ilikuwa na kazi. Na nilijua ninayoyajua. Lakini nilimtazama yule mama, nikaona kwamba kama mtoto huyu ataondoka, ataondoka mara mbili, mara moja kwangu bila pumzi na mara moja kwake bila baraka. Basi nikayatafuta yale maneno. Sikuwahi kuyasema maishani, niliambiwa tu, nikiwa mdogo kuliko meza. Yakaja pamoja na harufu ya tumbaku ya babu. Ukae. Uote kama mtama. Uchunge ng'ombe wa baba yako. Nikayasema kwa Kinyaturu kupitia barakoa, neno moja kwa kila mminyo wa kipira, na mate yangu nikayameza. Pumzi aliyopata Nathan ilitoka kwenye kipira. Maneno yalitoka kwangu. Witness akawa anayarudia nyuma yangu, na dokta, ambaye hajui hata salamu ya Kinyaturu, alipofika na mtungi aliunganisha mpira wa hewa na kutuacha tuendelee.

Sijui ilikuwa muda gani. Najua nilifika mwisho wa maneno nikaanza upya. Kisha nikahisi kitu kikiusukuma mkono wangu, kidogo, kwa hasira. Nathan alikuwa anakataa kipira. Alikuwa anataka kulia na mimi nimemziba.

Nikamwacha alie.

Juni 5

Amelala. Mama yake amelala. Hata mimi nimelala, kwenye kiti, na sijaota kitu.

Juni 9

Nathan ananyonya. Wodini hakuna aliyeanza kukohoa upya. Kila mama sasa anamshika wake tu, tunanawa kila kitanda kama dokta alivyoagiza, na mwenye mafua anasalimia dirishani. Kina mama wananung'unika. Wanasema wodi imekuwa kama nyumba ya watu waliogombana, na ni kweli, asubuhi zile za vumbi la jua hazipo tena. Dokta anasema mlipuko umekatika. Nilifurahi, halafu nikamkumbuka Rebeka, nikaenda kupanga mashuka.

Juni 13

Siku yangu ya mapumziko. Nimekwenda Ikungi.

Bibi Kristina alikuwa kiwanjani peke yake, amekaa juu ya turubai, anapiga vichwa vya alizeti kwa fimbo. Mbegu zinaruka, upepo unapeperusha makapi. Nikampa shikamoo. Akaitikia, akaendelea kupiga. Nikachukua fimbo nyingine nikakaa upande wa pili.

Baadaye sana nikasema, "Nathan aliugua. Amepona. Juma lijalo anarudi nyumbani."

Fimbo yake ikalala.

"Kapona bila mimi."

"Kapona kwa maneno yako. Mate ndiyo tuliyoyaacha."

Nikamweleza yote, ya kipira na ya barakoa. Alisikiliza mdomo wazi kidogo.

"Tangu nitoke huko mdomo wangu umekauka," akasema. "Jirani kaniletea mjukuu wake nimbariki, nimeshindwa. Naona uso wa yule wa mguu."

Nikamwambia hata mimi namwona. Nikamwomba aje kumpokea Nathan, hata kama ni kwa mbali. Alinifungia alizeti kwenye mfuko, nyingi kuliko ninavyoweza kubeba, akanisindikiza hadi barabarani.

Juni 20

Upepo umetulia. Ziwa asubuhi lilikuwa jeupe na bapa, heroe wameondoka karibu wote.

Witness alikuwa tayari mapema, Nathan kifuani, kofia sasa inamwishia kwenye nyusi. Tulipotoka barazani nikamwona Bibi Kristina amesimama uani, mbali, chini ya jua. Alikuwa amevaa barakoa. Witness akaanza kumkimbilia, bibi akanyoosha mkono: hapohapo.

"Simama kwenye jua, mama Nathan," akaita kwa ile sauti yake ya ng'ombe.

Witness akasimama. Kivuli chake kikalala mchangani, kirefu, na kifuani pake kile kivimbe kidogo kilichokuwa Nathan. Bibi akasogea mpaka pale kivuli kilipoishia. Akapiga magoti. Akashusha barakoa, akainama, akasema maneno yake pole pole, kisha tfu, kidogo tu, kwenye paji la kile kivuli kidogo. Na kifuani. Mchanga ukanyonya mara moja.

Witness alikuwa analia na kucheka. Dokta Fredrick alikuwa mlangoni, na kwa mara ya kwanza nilipenda alivyonyamaza.

Bibi akasimama, akajikung'uta magoti, akaja upande wangu, barakoa imerudi usoni.

"Yule wa mguu kitanda chake kilikuwa wapi?"

Nikamwonyesha dirisha lake, la mashariki, karibu na kona. Akaenda akasimama nje yake. Akatazama chini. Mchanga pale ulikuwa mweupe mtupu, jua limeujaza wote, hapakuwa na kivuli hata cha jani. Akabaki amesimama, mikono imening'inia, hajui pa kutemea.

Nikashuka barazani. Nikaenda nikasimama kwenye jua, mbele ya dirisha la Rebeka, nikakunja mikono kifuani kama mtu aliyebeba mtoto, kivuli changu kikalala mchangani.

Bibi akapiga magoti.